Kinanda changu ni soko la Kibuye, nyumbani wanacheka

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni kijana wa Kondele hapa Kisumu, narekodi sauti na simu, mafundi wa jua kali wakigonga masufuria, kina mama wa omena wakiita wateja, makanga, halafu naenda saiba nazikata naziunganisha. Sasa niko na vipande kama 40 na hakuna hata kimoja kimeisha. Marafiki wanasema hiyo sio muziki, na babu yangu ambaye hupiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, anasema naiga wazungu. Hawa watu wa muziki wa majaribio wanajuaje kazi imeisha?

JIBU: Marahaba mpwa. Tuanze na hiyo ya wazungu maana naona ndio inakuuma. Mwaka wa 1944 Mmisri mmoja, Halim El-Dabh, alichukua mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio pale Kairo, akaenda nayo kwa ngoma ya zar, ile ya kina mama na mapepo, akarudi studio akaanza kuondoa, akaondoa mpaka kilichobaki ni kama mwangwi wa zile sauti. Pierre Schaeffer, Mfaransa ambaye wengi humtaja kama mwanzilishi wa muziki huu wa sauti zilizorekodiwa, alitoa yake ya sauti za magari moshi huko Paris 1948, miaka 4 baadaye. Babu aelezwe hivyo, lakini polepole na akiwa ameshiba.

Sasa shika hilo neno kuondoa, kwa sababu shida ya vipande vyako 40 iko hapo, wewe unaunganisha tu. Mimi juzi nilikaa ufuoni Dunga, hapa ziwani, alfajiri nikarekodi saa mbili nzima, nikarudi nyumbani nikasikiza yote bila kugusa kitu (hapa ndio watu huruka, inachosha kweli), nikabaki na sekunde 11 za kasia likigonga ubao wa mashua. Hizo ndizo kazi yangu mpya saa hii, nazivuta, yaani nazirefusha kwa kompyuta, mpaka kasia linalia kama kengele ya kanisa la mbali, na kila wiki natoa kitu. Nikikitoa na usiku nikakikumbuka nakirudisha, nisipokikumbuka basi kilikuwa mzigo. Siku kila ninachojaribu kutoa kitaniuma, nitaacha.

Na huyo babu usimfanye adui. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, albamu yake ya Peel ya 2020 imejaa sauti za mazingira zimevutwa hivyo hivyo, na babu yake wa jina hilo hilo ndiye yule nguli wa nyimbo za Kikuyu, na ni huyu mjukuu amekuwa akizitoa tena nyimbo za mzee. Alafu hebu angalia nyatiti yenyewe: nyuzi 8 sawa, lakini mpigaji anavaa gara, zile njuga, mguuni zinalia, na oduong'o, ile pete ya chuma kwa kidole cha mguu, anagonga nayo ubao. Chuma kwa ubao! Hiyo kelele waliiweka makusudi hata kabla ya redio kufika huku. Mwombe babu agonge oduong'o peke yake dakika 5 bila nyuzi, urekodi, uiweke kando ya wale wa masufuria. Midundo itagombana. Iache igombane, usiinyooshe na kompyuta.

Kina mama wa omena waombe ruhusa kwanza, sauti ya mtu ni yake.

SWALI: Nikirekodi nje upepo unaharibu kila kitu. Ninunue maiki? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Bado. Ivishe simu soksi nzito upande wa maiki, na wewe simama upepo ukupige mgongoni uwe ndio ukuta. Rekodi faili ya WAV, isiyobanwa, sio MP3 iliyobanwa, maana ukija kuivuta MP3 inaanza kutoa uchafu kama maji ya mtaro. WAV ya stereo inakula kama MB 10 kila dakika, kwa hivyo zile video za harusi za 2019 sasa ziage.