Amplifaya ya gitaa kavu: niliyoyaona kwa kupiga laivu Arusha na Moshi

Kuna kipindi nilikuwa naikwepa G. Kama miezi minne hivi, nilikuwa napiga kila Ijumaa kwenye mgahawa mmoja wa bustani huku Njiro, na kila nikiigusa ile G ya chini, waya wa sita freti ya tatu, amplifaya inaanza kuvuma vuuuuu mpaka vijiko vinatetemeka mezani, wageni wanageuka, meneja anasimama mlangoni ananionyesha kwa mkono, punguza. Nikawa nahamisha nyimbo zote kwenda D au C, yaani naikimbia nota kwenye gitaa langu mwenyewe. Nikabadilisha nyuzi, nikabadilisha waya, nikafika hadi kutaka kuliuza gitaa. Kumbe gitaa zima, amplifaya nzima, ila nilikuwa sijui hivi vitu viwili vinafanyiana nini vikikaa karibu.

Sasa naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaopiga gitaa kavu, wengine mnaliita galatoni, mnaopiga kanisani, kwenye lodji, kwenye send-off, na mnataka kununua amplifaya ya kwenu au mmeshanunua na inawatesa. Nimepiga na ya kwangu miaka sita sasa, Arusha na Moshi na vijijini huko juu mlimani, na hiki ni kitu ninachokipenda sana kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Gitaa kavu ni boksi la hewa. Hiyo hewa ya ndani ina nota yake inayoipenda, kwa magitaa mengi ya ukubwa wa kawaida inakuwa maeneo ya Hz 100, yaani mitikisiko mia kwa sekunde. Sasa G ile ya chini ni Hz 98, na waya wa tano ukiuacha wazi, yaani A, ni 110. Unaona ilivyo? Ukipiga nota za maeneo hayo boksi linaitika lenyewe, spika nayo inarusha sauti hiyohiyo hewani, hewa inagonga uso wa gitaa, uso unatikisika, pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa, inasikia inapeleka tena kwenye amplifaya, amplifaya inakuza, inarusha tena, na mzunguko unaendelea hivyo hata kama mkono umeutoa kwenye nyuzi. Ndo ule mvumo. Ule mluzi mkali wa juu mara nyingi unatoka kwenye maiki, ni kesi nyingine.

Nilichofanya siku niliyoelewa: kwanza nikaitoa amplifaya nyuma yangu. Nilikuwa nimeiweka chini, kwenye kona, ukutani, inanitazama mgongoni, na pale ndo pabaya kuliko pote maana kona na sakafu vinaongeza besi, halafu gitaa linapokea kila kitu. Nikaihamishia pembeni, hatua mbili hivi kushoto kwangu na mbele kidogo, nikaiweka juu ya kreti la soda nililoomba jikoni, nikaiinamisha nyuma kidogo iangalie vichwa vya watu, isiangalie magoti. Nikapunguza besi mpaka alama ya kitasa ikaangalia kushoto. Nikashika G. Kimya, G tu imesimama pale, safi. Aisee nilikaa nikaipiga kama mara kumi, wahudumu wananishangaa.

Baadaye nikanunua kile kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa, bei yake ndogo na msaada wake mkubwa ukiwa unapiga na ngoma karibu. Na kama amplifaya yako ina kitufe cha fezi, kile cha kupindua wimbi la sauti, kibonyeze usikie, kuna sehemu unakibonyeza mvumo unakata hapohapo na kuna sehemu hakisaidii chochote, inategemea umesimama umbali gani na spika. Nyingine zina kitasa cha nochi, hicho kinakata nota moja inayosumbua na kuacha zingine, unakizungusha polepole huku unapiga ile nota mbaya mpaka inyamaze.

Watu wananiuliza, si nichomeke tu kwenye amplifaya ya gitaa la solo au kwenye redio ya nyumbani. Unaweza, itatoa sauti, ila utaumia roho. Amplifaya ya gitaa la umeme imetengenezwa kubadilisha sauti, spika yake kubwa mara nyingi ni ya inchi 12, haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwa hiyo za juu zinakatika, kwa hiyo gitaa kavu linatoka limejaa katikati, zile kucha na mlio wa mbao huvisikii. Hii ya gitaa kavu inajaribu kutoa kilichoingia kama kilivyo, ndo maana ina wufa ya besi na twita kama spika za muziki, na nyingi zina chaneli mbili, moja ya gitaa na nyingine ya maiki, kwa hiyo mtu mmoja anayeimba na kupiga amejitosheleza kwa kiboksi kimoja. Kwetu sisi tunaopiga peke yetu kwenye mahoteli hiyo ndo habari yenyewe. Unafika, plagi moja, waya mmoja wa gitaa, mmoja wa maiki, dakika tano umeanza.

Ya kwangu ni Fishman Loudbox Mini, niliipata yuzidi kwa mtu aliyekuwa anahama, laki saba na nusu. Wati 60, wufa ya inchi 6.5, uzito kama kilo 9, nimeibeba kwenye bodaboda kutoka Sakina mpaka Usa River imekaa katikati yangu na dereva, gitaa mgongoni. Uzito usiudharau hata kidogo. Rafiki yangu alinunua likubwa kwa sababu ya wati nyingi, sasa anapiga nyumbani tu kwa sababu kila shoo lazima akodi Noah. Na wati zenyewe zinadanganya, kutoka 60 kwenda 120 sikio linasikia ongezeko dogo tu, sio sauti mara mbili. Kwa mgahawa, ukumbi mdogo, watu 50 au 60 wanaokula huku wanaongea, wati 60 zinatosha vizuri. Kuna wenzetu wana Roland AC-33, hiyo inatumia umeme na pia betri ndogo za AA, nane, na kwa sherehe za kijijini ile ni mkombozi, nitarudi hapo. Wenye uwezo wanasifia AER Compact 60 ya Ujerumani, nimeipiga mara moja tu, kiboksi kidogo kabisa na sauti unahisi kama hakuna amplifaya hapo, gitaa tu limekua. Bei yake sasa, acha.

Kabla hujalipa hela, tafadhali, geuza amplifaya usome nyuma. Nilishaunguza moja. Ndugu yangu aliniletea kutoka Marekani, mpya, kwenye boksi lake, nililia kwa furaha kweli, na huko wao umeme wao ni volti 120, sisi ni 230. Nikatafuta adapta ya plagi, nikachomeka, ikawaka taa kama sekunde mbili hivi halafu pah, na ile harufu ya vitu kuungua ambayo sitaisahau. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unabaki vilevile. Fundi aliifungua akanionyesha transfoma imekuwa nyeusi. Kwa hiyo kama pameandikwa 120V peke yake, nunua kwanza transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa kutosha, au achana nayo tafuta iliyoandikwa 220-240V. Ukiwa dukani au kwa muuzaji, nenda na gitaa lako mwenyewe, usikubali kujaribu kwa gitaa la mwingine, na uache imewashwa dakika kumi na tano hivi usikie kama inaanza kukoroma ikipata joto. Zungusha kila kitasa, ukisikia krrr krrr ujue vumbi limeingia, hilo linasafishika ila ni sababu ya kupunguza bei.

Umeme wa kwetu ndo somo refu. Nina stabilaiza ndogo na haikosi kwenye begi hata siku moja. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kitu cha kwanza zima amplifaya na uichomoe, kwa sababu balaa linakuja ule umeme unaporudi, unarudi na nguvu halafu unashuka halafu unapanda, subiri utulie ndo uchomeke. Jenereta dogo nalo vilevile, mtu akiwasha birika la umeme jikoni unasikia gitaa linabadilika.

Na kuna hili naomba mlisome mara mbili. Moshi, ukumbi mmoja, wiring ya zamani, soketi hazina ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Amplifaya yangu nimechomeka ukuta huu, mikisa ya wenye mitambo imechomekwa ukuta ule, maiki ya kuimbia imetoka kwao. Nimeshika ile jeki ya chuma ya waya wa gitaa nataka kuichomeka vizuri, nikasogeza mdomo kwenye maiki niseme "wani tuu", nikapigwa shoti kwenye midomo, kichwa kikarudi nyuma chenyewe. Nilikaa chini nikatetemeka. Tangu siku hiyo vitu vyote ninavyovigusa nachomeka kwenye eksitensheni moja, ya miguu mitatu, na sijawahi kukubali mtu akate ule mguu wa ethi ili kuondoa mkoromo. Ninatembea na testa ya fundi umeme, naigusisha kwenye kichwa cha maiki na kwenye jeki kabla mdomo wangu haujafika. Ikiwaka siimbi hapo mpaka wabadilishe soketi, hata kama MC ameshanitangaza.

Sherehe kubwa ni mambo mengine. Harusi ya watu 300 wati 60 zitamezwa, na ukijaribu kuilazimisha itapasua sauti na mvumo wote utarudi. Hapo ndo unatumia ile DI iliyo nyuma, tundu la kupeleka sauti kwenye mitambo, unatoa waya wa XLR, ule kama wa maiki, unampelekea fundi mitambo, sauti inatoka kwenye spika zao kubwa, na amplifaya yako inabaki karibu yako kujisikilizia. Kwenye amplifaya yangu kitasa kikuu cha sauti hakigusi kinachoenda kwa fundi, kwa hiyo najiongezea au najipunguzia bila kumvuruga, angalia na ya kwako iko vipi. Ila fundi mitambo muheshimu. Fika mapema, msalimie, muulize anapendelea line uichomeke wapi, mwambie kwa upole kwamba sauti umeshaitengeneza huku kwa hiyo aanze vitasa vyake vyote katikati. Nimeona wapigaji wanafika wamechelewa wanaanza kufoka, na usiku mzima gitaa lao linasikika kama liko chooni.

Vidogovidogo: gitaa lenye pikapu ya ndani lina betri, nyingi ni ile ya mraba ya volti 9, na jeki ikiwa imechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi, kwa hiyo ukimaliza chomoa waya kwenye gitaa. Sauti ikianza kukwaruza na kufifia usiilaumu amplifaya, badilisha betri kwanza. Mwangwi weka kidogo, ukiwa peke yako chumbani unapendeza ukiwa mwingi lakini ukumbini kuna mwangwi wake tayari. Mwezi wa sita na wa saba Arusha usiku ni baridi, ukitoka na gitaa ndani kwenye moto kwenda bustanini nyuzi zinahama, lipe gitaa robo saa lizoee ndo utyuni. Na fundi cherehani yeyote atakushonea kava la turubai, vumbi la kwetu mnalijua.

Nilisema nitarudi kwenye betri. Desemba, Marangu, kipaimara. Desemba huko mnajua ilivyo, kila mtu amepanda nyumbani, kila boma lina turubai. Umeme ukakatika kabla ndafu haijaletwa, mitambo ya MC ikanyamaza, jenereta likagoma, watu kama sitini wamekaa wanatazamana. Nilikuwa nimeazima ile ya betri ya mwenzangu, nilikuwa na wasiwasi tu wa umeme. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kreti kwenye mgomba, nikapunguza besi, nikafungua sauti nusu tu. Palikuwa kimya sana bila yale maspika. Nikapiga nyimbo mbili bila kuimba, taratibu.

Bibi mmoja akanyanyuka akavuta kiti chake cha plastiki mpaka mbele yangu kabisa. Nikamwamkia shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, akasema, hivi ni vidole vyako ndo ninavisikia vinakwaruza hapo? Nikamwambia ndiyo bibi, ni kucha kwenye nyuzi. Akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Halafu akaanzisha pambio mwenyewe, bila kuniuliza, nikamtafuta ki yake kwenye shingo ya gitaa mpaka nikampata. Ilikuwa G, ya chini kabisa. Nikaishika.