Kutembea msitu wa Marsabit na watoto
Kwa ulivyouliza kama msitu wa Marsabit unapitika kwa miguu na watoto, ndio, ila ongea na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) getini wakupe askari mwenye bunduki, mle kuna ndovu na nyati (ndio kulikuwa kwao Ahmed, yule ndovu Mzee Kenyatta alimpa ulinzi wa amri ya rais). Ingieni asubuhi na masweta, ukungu umejaa na zile ndevu za kijivu (ni kuvu-mwani, lichen) zinazoning'inia kwa miti zinawadondoshea maji, ilhali huko chini Chalbi ni jangwa tupu jua linachoma. Anzeni na ziwa la Sokorte Dika, Ziwa Paradise linapendeza zaidi lakini hiyo nendeni na gari. Ukame ukizidi maziwa hukauka, ulizeni kwanza.