Chupi za Hedhi kwa Baridi ya Mbeya: Mililita Pekee Hazitoshi

Wengi wanaonunua chupi za hedhi, zile zinazofyonza damu zenyewe, kwa mara ya kwanza huchagua ile iliyoandikwa mililita nyingi kuliko zote, yaani inayobeba damu nyingi zaidi. Kwa sisi wa Mbeya, ambako mwezi wa Juni na Julai nguo nzito huweza kushinda kambani mchana kutwa na bado ikaanuliwa ikiwa mbichi, mimi huwashauri wadogo zangu waulize kwanza itakauka lini.

Sehemu ya katikati ya chupi hizi ina tabaka la juu linalopitisha majimaji upesi, tabaka la kati linaloyafyonza na kuyahifadhi, na la chini lisilovujisha. Kiwango cha ufyonzaji kinapopanda, kwa kawaida kinachoongezwa unene ni tabaka la kati, na hilo ndilo linalochelewa kukauka. Hedhi ya kawaida, tangu ianze hadi iishe, huwa kama mililita 30 hadi 40, na nyingi hutoka siku za mwanzo. Kwa hiyo mimi nina chache nene za usiku na za siku hizo. Zilizobaki ni nyembamba.

Tatizo ni kwamba madaraja ya ufyonzaji hayalingani kati ya kampuni na kampuni. Modibodi ya Australia na WUKA ya Uingereza kila moja hujipangia ngazi zake, na kampuni nyingine huhesabu kwa idadi ya tamponi (vipamba vya hedhi vinavyoingizwa ukeni) badala ya mililita. Nikitaka kulinganisha mbili, humimina maji kwa kijiko cha chai, ambacho huchukua mililita 5, nikitandika karatasi ya chooni chini yake na kukandamiza kwa kiganja. Damu ni nzito kuliko maji, hivyo jaribio hili halitoi kipimo kamili, ila linaonyesha upesi ni ipi inayozidi nyenzake.

Saizi nayo ina vituko vyake. Namba 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani, na L ya kiwanda kimoja huweza kuwa M ya kingine. Chukua futi ya fundi cherehani, pima nyonga mahali penye upana zaidi kwa sentimita, kisha usome jedwali la kampuni husika. Ukivuja pembeni mwa paja ilhali katikati pakavu, usikimbilie kununua nene zaidi, kwa maana kasoro iko kwenye saizi au mkato.

Kufua ni kwa maji baridi, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa hupaka nyuzi utando na kupunguza ufyonzaji. Wengi wetu huzianika chini ya kanga kwa kuona haya, nazo huchelewa zaidi kukauka. Usizipige pasi wala kuziweka karibu na jiko la mkaa, maana joto kali huharibu tabaka la chini. Zikunje ndani ya taulo kavu, zikandamize hadi maji yatoke, kisha uzigeuze ndani nje na kuzianika penye upepo.