Kioo cha Git si bekapu: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yanazunguka amri moja, `git clone --mirror`, inayochukua repo nzima (hifadhi ya msimbo wa mradi na historia yake, inayotunzwa na programu ya Git) na kuiweka mahali pengine kama kioo cha ile ya asili. Nimeyafupisha.

Nimeshakloni mradi kwenye laptop kwa `git clone` ya kawaida. Hiyo `--mirror` inaniongezea nini? (Mwanafunzi, Mbeya)

Kloni (nakala) ya kawaida inakupa tawi moja, yaani mkondo mmoja wa mabadiliko, la kufanyia kazi. Mengine yanakaa pembeni yakiwa na `origin/` mbele ya majina yao. Kioo kinabeba kila kilicho chini ya `refs`, yaani majina ya matawi na tagi (alama za matoleo), vilevile kilivyo kwenye seva. Mafaili yako hutayaona. Utakuta folda inayoishia na `.git`, na ndani yake `HEAD`, `objects`, `refs`. Usishtuke, msimbo umo humo humo. Ukitaka kuusoma, kloni kutoka kwenye kioo chenyewe. Kukihuisha unaingia ndani ya folda na kupiga `git remote update --prune`.

Kioo chetu kinajihuisha kila saa. Bosi anasema basi bekapu tunayo. Ni kweli? (Fundi wa IT, Mombasa)

Kwa heshima zote kwa bosi, hapana. Fungua faili la `config` ndani ya kioo utaona mstari `+refs/*:refs/*`. Ile alama ya kujumlisha maana yake kioo kinakubali chochote seva inachosema, hata kama mtu amelazimisha push (kusukuma mabadiliko kwenye seva kwa nguvu) na kufuta historia ya miezi sita. Na `--prune` inahakikisha tawi likifutwa kule, huku nako linaondoka.

Watu wa KDE, wanaotengeneza mazingira ya Plasma na programu nyingine nyingi za Linux, waliponea chupuchupu Machi 2013. Seva yao kuu ya Git ilizimwa ili iwekewe masasisho ya usalama, ikawaka na mfumo wa mafaili ulioharibika. Walikuwa na repo kama 1,500, na seva kadhaa za vioo. Vioo vilifanya kazi yake barabara, na hilo ndilo lililokuwa tatizo: vilivuta orodha ya miradi kutoka seva kuu, orodha nayo ikiwa mbovu, vikaamini kwamba miradi imefutwa, vikaifuta. Kilichowaokoa ni mashine moja iliyokuwa imehamishiwa seva mpya muda mfupi kabla, ikawa bado na nakala nzima. Hiyo ilikuwa bahati, haikuwamo kwenye mpango wowote.

Kwa hiyo kiacheni kioo kiendelee, lakini pigeni `git fsck`, inayokagua kama data ni nzima, kila mara, na kila wiki tengenezeni bundle, faili moja lenye repo nzima, likiwa na tarehe: `git bundle create mradi-2025-06-01.bundle --all`, kisha `git bundle verify` kulihakiki. Faili hilo liende kwenye mashine ambayo kioo hakina ruhusa ya kuigusa. Pia wekeni `git config gc.pruneExpire never` ndani ya kioo, maana Git ikifanya usafi wake huondoa komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zisizoshikwa na tawi lolote baada ya wiki mbili.

Nikikloni repo kubwa, mtandao unakatika ikifika asilimia 80, naanza upya. Bando linaisha! (Msomaji, Kigoma)

Pole sana. Git haijui kuendelea pale kloni ilipokatikia, na sioni kisingizio cha jambo hilo kwa chombo kilichozaliwa 2005. Njia ya kuzunguka ni bundle. Mwenye seva yenye mtandao mzuri atengeneze faili, wewe ulishushe kwa `wget -c`, ambayo ikikatika inaendelea. Kernel.org nao hutoa bundle ya kernel (kiini) ya Linux kwa ajili ya wenye mtandao wa kusuasua. Au rafiki akuletee kwenye fleshi. Kisha `git clone --mirror mradi.bundle`, halafu `git remote set-url origin` na anwani halisi. Kuanzia hapo unavuta mabadiliko tu.

Kama mko ofisi moja, wekeni kioo kimoja kwenye mtandao wa ndani. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, kloni kutoka seva iliyo chumba cha pili haikuhitaji kupita baharini.

Kloni ya `--depth 1`, inayochukua komiti ya mwisho tu, ni nyepesi, ndiyo, lakini haina historia. Hicho si kioo.

Tunahama GitHub kwenda seva yetu. `git push --mirror` inatosha? (Kikundi cha wasanidi, Kampala)

Kwa komiti, matawi na tagi, ndiyo. Ila hakikisheni repo mnayosukumia ni tupu, kwa sababu amri hiyo inafuta kule chochote kisichokuwamo kwenye kioo, bila kuuliza. Issues (ripoti za hitilafu na kazi) na mijadala ya pull request (maombi ya kuunganisha mabadiliko) haiji. Haimo ndani ya Git, imo kwenye hifadhidata ya mwenye huduma. GitLab.com ilipofuta hifadhidata yake kwa makosa Januari 31, 2017, maoni na issues za takriban saa sita zilipotea, repo zenyewe zikabaki salama. Wiki ni repo ya peke yake, `.wiki.git`, ikloni nayo. Mafaili ya LFS (makubwa, yanayohifadhiwa nje ya repo) yanataka `git lfs fetch --all`, kisha `git lfs push --all`.

Nikiandika amri mwenyewe inakubali, cron ikiiendesha hakuna kinachohuishwa. (Msomaji, Arusha)

Karibu kila mara ni ufunguo wa SSH unaokufungulia seva. Cron, inayoendesha amri kwa ratiba, haiuoni ule wa ssh-agent yako, programu inayokutunzia funguo. Tengeneza ufunguo wa kusoma tu, usio na nywila, uutaje wazi:

`0 2 * * * cd /srv/mradi.git && GIT_SSH_COMMAND="ssh -i /home/kioo/.ssh/id_kioo" git remote update --prune >> /home/kioo/kioo.log 2>&1`

Asubuhi fungua `kioo.log`. Ukikuta `Permission denied (publickey)`, ufunguo haujasajiliwa kwenye repo. Ukikuta `Host key verification failed`, ingia kwa jina la mtumiaji huyo huyo wa cron uunganishe kwa ssh mara moja kwa mkono, uikubali seva.