Barua kwa mwanangu: babu wa babu yako na samoni wa Montrose

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma nikairudia. Umeniuliza mbona babu wa babu yako, yule ambaye familia yote ya baba yako inasema alikuwa mvuvi wa samoni kule karibu na Montrose, mji wa pwani ya mashariki ya Scotland, hayuko nyumbani kwake kwenye sensa ya 1901, na mbona cheti chake cha ndoa kinasema kibarua wa shamba, ama ni mtu mwingine wa jina hilohilo tumemshika. Swali lako ni la maana, na mimi na baba yako lilitusumbua ule mwaka wake wa mwisho, vile tulikuwa tunakaa jioni na hizi karatasi mezani, yeye amejifunika blanketi, mimi nasoma juu macho yake yalikuwa yamechoka.

Ni yeye. Hatujamkosea. Shida ni kwamba tulikuwa tunamtafuta kama mvuvi, na huyu alikuwa mtu wa msimu.

Angalia tarehe ya ndoa. Desemba. Sasa sheria ya Scotland ya 1862 ilisema kila mwaka kuna siku 168 nyavu za samoni haziruhusiwi majini, na kule mto North Esk, unaoingia baharini karibu na Montrose, hizo siku zinaanza Septemba mosi mpaka Februari 15. Hesabu kwa vidole, ni 168 kamili. Kwa hivyo Agosti ikiisha, mtu anakunja nyavu na hana mshahara wa samaki tena mpaka katikati ya Februari, na ana watoto, atafanya nini? Anaenda kung'oa viazi na tanipu kwa mkulima, anachimba mitaro, kazi yoyote. Mtu akioa Desemba, karani anamuuliza unafanya kazi gani, anasema ile anafanya leo. Halafu chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto wao wa kwanza, huyo alizaliwa Juni, na hapo baba ameandikwa mvuvi wa samoni. Mtu mmoja, bibi mmoja, miezi tofauti. Ukiona kazi imebadilika kwenye karatasi usikimbilie kusema ni mtu mwingine, angalia kwanza ni mwezi gani.

Sensa nayo ilichukuliwa usiku wa Jumapili, tarehe 31 Machi 1901. Hiyo ni wiki sita tangu msimu ufunguliwe. Na hawa watu hawakuwa wanalala kwao, walikuwa wanalala kwenye bothi, ni kijumba cha mawe pale pwani, wanaume wanne watano wa kikosi kimoja, vitanda vya mbao, moto mmoja, uji wa shayiri. Utaniambia lakini mama Jumapili si walikuwa hawavui, na ni kweli, sheria hiyohiyo ilitaka nyavu zisivue kuanzia Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Lakini fikiria mtu mwenye nyumba mbali, atembee usiku wa Jumamosi, ageuke tena Jumapili jioni awe kazini alfajiri. Wengine walienda, wengine walibaki. Yeye alibaki. Ndio maana bibi yake ameandikwa tu "mke", na hakuna mwanaume aliyeandikwa kabla yake kwenye orodha ya hiyo nyumba. Ukiona hivyo usiandike mume amekufa, kama vile sisi tuliandika kwa penseli tukalia bure. Tafuta bothi. Mimi nilimpata kwa kutafuta parokia zote za karibu bila kuweka kazi, jina na umri peke yake, na alikuwa na wenzake wanne, wote wavuvi wa samoni, na mmoja ana jina la ukoo la bibi yake! Shemeji yake, bila shaka, hata kama bado sijapata cheti cha kuthibitisha.

Kitu kingine, na hiki kilinichukua muda kuelewa juu kwetu mto ni wa kila mtu. Huku samoni si ya mwenye kutega. Haki ya kuvua samoni Scotland ni mali ya peke yake, mbali na ardhi, imetoka kwa taji la mfalme, inauzwa na kurithiwa kama shamba, na unaweza kuwa na ardhi mpaka ukingo wa maji na bado huruhusiwi kuweka wavu. Wavuvi wa heringi wengi walikuwa na fungu lao kwenye boti, kwa hivyo majina yao yako kwenye vitabu vya boti. Babu yenu hakuwa na boti, hakuwa na wavu, hakuwa na samaki. Alikuwa ameajiriwa. Kwa hivyo ukitaka kujua maisha yake, fuata karatasi za aliyemlipa. Kuna yale madaftari ya kila mwaka ya kodi ya mali yaliyoanza 1855, yanaonyesha mwenye mali, aliyekodisha na anayekaa, na sehemu za kuvulia samoni zimeandikwa humo kama nyumba zinavyoandikwa. Hapo ndio utaona kampuni gani ilikuwa imekodisha pwani yake. Upande wa Montrose kampuni kubwa ilikuwa Joseph Johnston & Sons, ilianza 1825, lakini usiamini mpaka uone mstari wenyewe. Halafu karatasi za familia za wenye mashamba makubwa, barua, mikataba, vitabu vya mishahara, nyingi ziko Edinburgh kwenye hifadhi ya taifa, National Records of Scotland. Hizo haziko zote kwa kompyuta, lazima uende ukae ufungue mwenyewe.

Unajua kwa nini kulikuwa na wanaume watano kwenye pwani tupu kama ile? Ni barafu. Zamani samoni ya kwenda London ilichemshwa na kutiwa siki ndio ifike, mpaka miaka ya 1780 hivi, George Dempster, huyo alikuwa mbunge na shamba lake la Dunnichen liko hukuhuku kaunti ya Angus, alipata kusikia kwa mtu aliyekuwa ameona Wachina wakibeba samaki kwa barafu, na wazo likashika. Wakajenga nyumba za barafu pwani nzima, zimefunikwa udongo na nyasi, wanajaza barafu ya mabwawa wakati wa baridi. Ile tuliona St Cyrus ukiwa darasa la pili, ukasema ni kaburi la jitu, ndiyo hiyo. Baba yako alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu na mimi sikumuuliza, na mpaka leo natamani ningemuuliza.

Sasa ya kurudi nyuma zaidi. Vyeti vya serikali vilianza Januari mosi 1855, na uzuri wa cheti cha kifo cha Scotland ni kwamba kina majina ya wazazi wote wawili wa marehemu, na mama yake yuko na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Hapo unavuka 1855 bila daraja lingine. Ukishavuka ni madaftari ya kanisa, ya parokia, ya zamani kabisa ni ya Errol pale karibu na mto Tay, 1553. Usitegemee hayo sana, watu maskini wengi hawakuandikisha. Kila picha ya cheti kwenye ScotlandsPeople, ile tovuti ya serikali ya vyeti na madaftari haya, ni ya kulipia, si pesa nyingi, lakini sisi tulinunua vinne vya mtu mwingine juu kulikuwa na watatu wenye jina moja parokia moja, kwa hivyo tafuta kwanza kwenye orodha ambayo ni bure, linganisha umri, ndio ununue. Vitabu vya wazee wa kanisa ni bure kuangalia, mwandiko ni mgumu, uwe na subira.

Na majina. Hapa mimi mama yako Mkikuyu niliona kitu ambacho baba yako hakuwa amekiona. Wascotland wa zamani walikuwa wanaita mtoto wa kiume wa kwanza jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama, sawasawa na sisi. Kwa wasichana wanaanza na nyanya wa upande wa mama, sisi tunaanza na wa upande wa baba, basi. Si wote walifuata, lakini huyu alifuata, nimeangalia watoto wake wote saba. Kijana wake wa kwanza ana jina lako. Wewe tulikuita jina la babu yako, baba ya baba yako, vile kwetu inatakiwa, na nyanya yako wa huku alilia siku hiyo, mimi nikidhani nimemuudhi. Kumbe hilo jina limekuwa likirudi kwenye ukoo tangu kwa baba ya huyu mvuvi.

Kwa hivyo nikatafuta huyo baba, mwenye jina lako. Yuko mmoja kwenye orodha ya vifo, umri unaingia, parokia ni ileile ya pwani. Kama ni yeye, cheti kitataja kazi yake, na wazazi wake, na tutakuwa tumevuka 1855. Pesa nimeshalipa. Sijafungua picha. Nilifika mpaka pale pa kubonyeza nikatoa mkono juu nilikuwa peke yangu na kile kiti kingine mezani kilikuwa wazi. Kuja Jumamosi na gari moshi ya asubuhi, nitakutoa stesheni. Tutafungua pamoja, halafu kama hakuna mvua twende St Cyrus, beba buti.

Mama