Muulize Mwalimu: Je, ni kweli vita ililetwa na barua iliyochelewa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumeambiwa darasani kwamba mwaka 1812 Marekani na Uingereza zilipigana kwa sababu barua ilichelewa njiani. Mimi haliniingii akilini. Watu wazima wanaingiaje vitani kwa sababu ya barua? Halafu nani alishinda? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyekufundisha hakukudanganya, ila ameishia njiani.

Rais James Madison alitia saini tangazo la vita tarehe 18 Juni 1812. Siku mbili kabla, huko London, serikali ilikuwa imelieleza bunge kwamba inaziondoa amri zilizozuia meli za nchi nyingine kufanya biashara na Ulaya iliyokuwa chini ya Napoleon, mtawala wa Ufaransa na adui wa Uingereza. Tarehe 23 Juni zikafutwa rasmi. Amri hizo zilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Madison, na habari ya kufutwa kwake ilivuka Atlantiki kwa tanga, wiki kadhaa. Hapo ndipo hadithi ya barua inapotoka.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwezi Agosti Jenerali Henry Dearborn wa Marekani na George Prevost, mkuu wa Waingereza huko Canada, walikubaliana kusitisha mapigano kwa kuwa amri zimefutwa. Madison akakataa. Akashikilia kwamba bado lipo suala la mabaharia: manowari za Uingereza zilikuwa zikisimamisha meli za Marekani na kuwakamata mabaharia kwa nguvu, kwa madai kwamba ni raia wao waliotoroka. Dai lake lilikuwa na haki. Mwaka 1807 manowari Leopard iliipiga mizinga Chesapeake, manowari ya Marekani, karibu na pwani ya Virginia, ikachukua watu wanne. Lakini rais aliyeingia vitani kwa sababu ya barua, barua ikifika huacha. Huyu hakuacha.

Mimi naona tatizo lilikuwa hesabu za Wamarekani. Walidhani Canada, koloni la Uingereza, ni ya kuokota. Henry Clay wa Kentucky, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi akiwa na miaka 34, alikwisha kujigamba kwamba wanamgambo wa jimbo lake peke yao wangeitwaa. Hata Thomas Jefferson, rais aliyemtangulia Madison na mzee wa busara, aliandika kwamba kufika hadi karibu na Quebec ni suala la kutembea tu. Na bunge la Marekani, lenye watu wenye haraka hivyo, halikutaka kutoza kodi mpya za ndani za kulipia vita. Mwaka 1811 bunge lililotangulia lilikuwa limeiacha benki ya taifa, ambayo ingeikopesha serikali, ife, kwa kura moja ya Makamu wa Rais katika Seneti. Ni kama kualika wageni wa karamu ilhali sufuria umekwisha uza. Manowari zao hazikufika 20. Uingereza ilikuwa na mamia. Kura ya kutangaza vita ilikuwa 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi na 19 kwa 13 katika Seneti, maana majimbo ya kaskazini mashariki, yaliyoishi kwa biashara ya bahari, hayakuitaka vita hiyo.

Lakini kama unapenda barua zilizochelewa, ninayo nyingine, na hii ndiyo ya kuchekesha na kusikitisha. Waziri wa Vita, William Eustis, daktari kwa taaluma, alimwandikia Jenerali William Hull kumjulisha kwamba vita imetangazwa. Akaituma kwa posta ya kawaida! Hull, akiwa njiani kwenda Detroit, ngome ya Marekani mpakani na Canada, hajui lolote, akapakia mizigo yake na nyaraka za jeshi kwenye jahazi Cuyahoga lipite mtoni chini ya ngome ya Waingereza. Waingereza walikwisha kupata habari. Tarehe 2 Julai wakalikamata jahazi, wakasoma maagizo ya Hull na orodha ya askari wake. Siku hiyohiyo barua ya Eustis ikamfikia. Tarehe 16 Agosti Hull aliisalimisha Detroit bila kupigana. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Madison akamsamehe adhabu kwa sababu ya utumishi wake katika vita ya uhuru.

Oktoba, wakati wa mapigano ya Queenston upande wa Canada, wanamgambo wa New York walisimama ukingoni mwa mto Niagara wakiwatazama wenzao wakizidiwa ng'ambo. Walisema sheria inawataka walinde kwao, si kuvamia kwa watu.

Kuhusu mshindi: mkataba wa amani wa Ghent, mji wa Ubelgiji ya leo, wa tarehe 24 Desemba 1814 ulirudisha mipaka ilipokuwa, na suala la mabaharia halikutajwa kabisa. Mji mkuu wa Marekani ulikuwa umechomwa na Waingereza Agosti ya mwaka huohuo. Wacanada hujihesabu washindi, Wamarekani nao hivyohivyo. Walioshindwa bila ubishi ni wenyeji wa bara lile. Kiongozi wao Tecumseh aliuawa Oktoba 1813 akipigana upande wa Waingereza, na Waingereza hao, walipofika Ghent, walianza kwa kudai wenyeji watengewe nchi yao, kisha wakaliacha dai hilo ili mkataba upite.