Subiri ubeti wako

Kwa miaka mingi muziki kwangu ulikuwa kitu cha kufukuzia ukimya tu. Nawasha redio, naosha vyombo. Ukiniuliza kilichoimbwa, sijui. Aliyenifundisha kusikiliza ni shangazi yangu, harusini, huko Unguja, na wala hakukusudia.

Kikundi cha taarabu kilikuwa kimeshapiga nyimbo tatu. Wenzake wanainuka kutunza, yeye ametulia kitini, noti kaikunja kiganjani. Nikamuuliza, "Shangazi, huendi?"

"Subiri. Ubeti wangu haujafika."

Ulipofika, ubeti wa aliyevumilia mpaka aliyemdharau akarudi mwenyewe, akasimama. Akaenda taratibu, anajitikisa kidogo kwa mdundo, mkono juu, akampa mwimbaji ile noti, akarudi kukaa. Hakutamka neno. Lakini aliyekusudiwa alikuwamo ukumbini, na aliupata ujumbe. Kuna wanaosema kazi ya muziki ni kuelimisha jamii. Sikatai, ila shangazi hakuelimishwa usiku ule. Alipumua.

Tangu hapo nimebadili namna ya kusikiliza, nawe nakushauri ujaribu. Chukua wimbo mmoja mrefu, simu iweke mbali. Taarabu asilia, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, au Culture Musical Club, haina haraka: ala hutangulia, na mimi zamani nilikuwa naruka hapo kuitafuta sauti ya mwimbaji. Usiruke. Shika ala moja uifuate mpaka mwisho. Mimi hufuata kanuni, ile ya nyuzi zaidi ya 70 inayolazwa mapajani, kwa sababu mwimbaji akivuta pumzi, kanuni inamjibu. Siku ya kwanza utachoka mapema. Si kitu, rudia kesho.

Halafu, ukipata nafasi, nenda ukausikie ana kwa ana. Spika ya simu huumeza mlio wote wa udi, ile ala ya nyuzi. Neno taarabu lenyewe limetokana na Kiarabu, tarab, ile hali ya kuguswa na muziki mpaka ushindwe kujizuia, na mimi sijawahi kuipata huku kidole kikitembea kwenye kioo cha simu.

Jambo jingine dogo: nenda na noti ndogondogo. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na ya elfu kumi peke yake. Ubeti wangu ukaimbwa, nikageuka kumwomba jirani chenji, na nilipogeuka tena mbele, walikuwa wameshaingia kiitikio.